Kiu ya Mama Pindo

Mtaani walimwita Mama Pindo, kwa kuwa nguo aliyoishona yeye haikufumuka pindo. Alikuwa mjane aliyevuka miaka sabini, na cherehani yake ilikaa sebuleni karibu na dirisha. Mteja akilalamika nguo inambana, alimjibu, "Nguo haijapungua, mwanangu. Wewe ndiye umeongezeka."

Siku moja alijikuta ameshona mkono wa blauzi kwenye shingo. Akaufumua upesi, binti yake asije akaona. Kesho yake, ndani ya nyumba yake mwenyewe, njia ya kwenda chooni ikampotea. Alishika ukuta, moyo ukimwenda mbio. Dada yake mkubwa alianza hivyohivyo, kusahau kidogo kidogo, mpaka akafa hamjui hata mtoto aliyemzaa. Mama Pindo hakuogopa kufa. Aliogopa kufa vile. Basi akanyamaza.

Mwili haukunyamaza. Alikunywa maji jagi kwa jagi na kiu haikukatika. Kutwa alikuwa anakwenda haja ndogo, kubwa ikagoma, chakula kikamchefua. Mchana mmoja binti alimkuta ameikodolea macho cherehani.

"Mama, vipi?"

"Nguo yako bado, bibie. Njoo kesho."

Binti akamshika mkono, akatoka naye kwenda hospitali.

Hospitalini daktari aliuliza dawa zote anazokunywa mama, hata za kununua dukani. Binti akakumbuka vidonge vya mifupa: kila goti lilipouma, mama aliongeza, akisema kama kimoja kinasaidia, vitatu vitasaidia zaidi. Damu ilipopimwa, daktari alikunja uso.

"Kalisiamu, madini ya vile vidonge, imezidi sana. Kwa mzee, ikifika hapa inavuruga akili, inaumiza figo, hata moyo unaweza kusimama."

"Kwa hiyo si akili zinazomtoka?"

"Sijui bado. Tusimamishe vidonge, tumtundikie dripu, tuone."

Binti alikaa kando ya kitanda na lile "sijui bado" likimrudia kichwani. Mama alilala, akaamka, akalala, bila kumtambua. Hata asubuhi moja akafumbua macho.

"Mwanangu, mbona unalia? Nimekufa?"

Ndipo mama akamsimulia yote, hofu ya kufa kama dada yake na ile blauzi.

Alirudi nyumbani na figo zilizochoka, na kila mara hurudi kupimwa damu. Anashona. Lakini neno likimpotea katikati ya mazungumzo, mguu wake husimama juu ya kanyagio la cherehani, na jikoni binti huacha kuosha vyombo, akisikiliza, mpaka mama alipate lile neno.