Mlio Ambao Haukufika Moshi

Asubuhi ninayoikumbuka kuliko zote, mwanangu, ni ya mwezi wa saba, hapa hapa Kirua Vunjo, juu mlimani, ukungu umeshuka mpaka kwenye migomba na maji ya kunawa yanauma vidole. Nilikuwa mke mchanga, nimembeba Neema mgongoni, nakamua ng'ombe. Mume wangu Aminieli aliwasha lori uani ashushe ndizi sokoni Moshi. Alipozungusha usukani kulitoa getini, likalia. Haukuwa mlio wa injini, injini nilishaizoea. Huu ulikuwa mwembamba, wa kuvuta, kama ndama aliyefungwa mbali na mama yake. Ng'ombe wangu aliinua kichwa.

Aminieli akazima, akashuka, akasikiliza, akawasha tena. Kila alipokata usukani mlio ulipanda, na akiunyoosha ulipungua. Akaniuliza kama nausikia. Nikamwambia nausikia sana.

Lori lile halikuwa letu. Lilikuwa la tajiri mmoja wa kijijini, mtu mzima aliyeheshimika, na Aminieli alikuwa dereva wake. Siku ile aliposhuka mjini alipitia gereji kwa Fundi Shabani, ambaye ndiye aliyekuwa akitengeneza magari ya yule tajiri. Lakini unajua Moshi ilivyo. Huku juu tunavaa masweta, kule chini watu wanajipepea. Lori likifika huko limeshapata moto, oili ya stelingi, ile inayolainisha usukani, imekuwa nyepesi, na mlio umekwisha. Fundi alizungusha usukani kushoto na kulia, kimya. Akamwambia ni baridi tu, oili huwa nzito asubuhi, na lori lolote hulia kidogo mpaka lipate moto. Hakusema uongo, mwanangu. Ndivyo malori yalivyo.

Aminieli hakutulia. Alisema mlio wa oili nzito hukoma mapema, lakini wa lori hili ulimfuata kona baada ya kona mpaka karibu na lami. Akarudi gereji, akarudi tena. Mara ya mwisho mafundi vijana walimwuliza kama huko mlimani watu wanawasha magari kwa mbege, ile pombe yetu ya ndizi. Wakacheka, na Fundi Shabani akacheka nao. Tajiri naye alishamjibu kwamba fundi anajua kazi yake kuliko dereva. Aminieli alinisimulia hayo jioni akiwa anakula. Hakukasirika, ila tangu siku ile hakumtajia tena mtu yeyote ule mlio.

Hapa huwa napumzika kidogo, kila nikisimulia. Mume wangu hakuwa mtu wa kunyamaza. Kicheko ndicho kilichomnyamazisha.

Baridi ya mwaka ule ilikuwa kali. Kila asubuhi lori lililia, na mimi nililisikia nikiwa zizini. Halafu ikaja siku ya manyunyu. Aliondoka na ndizi kama kawaida. Kwenye kona kali ya kushukia mtoni, watu waliokuwa wakitembea kando ya barabara walisema lori lilipiga ukelele, likaenda moja kwa moja kana kwamba barabara haikukata kona. Liligonga ukingo, likalala ubavu.

Nilimkuta hospitali. Alikuwa akiongea, ila kwa shida, neno moja moja. Alisema usukani ulikuwa mzito ghafla mikononi mwake, akauvuta kwa nguvu zote, hauji. Kisha akanitazama.

"Ule mlio uliusikia, siyo?"

"Kila siku, Baba Neema."

"Basi waambie wewe. Mimi wamenichoka."

Hakurudi nyumbani akiwa hai.

Tulimzika kihambani, kwenye shamba la ukoo, chini ya migomba aliyoipanda mwenyewe. Watu wangali wamekaa kwenye mabenchi ya matanga, nikasikia maneno yanapita, kwamba dereva alikuwa amelewa. Yalianzia kwa tajiri, nafikiri kwa hofu zaidi kuliko ubaya. Aminieli, ambaye hata kwenye sherehe za kipaimara akipewa mbege huionja tu kwa heshima, kisha anampa wa pembeni! Nilimfikiria Neema atakayekua akiambiwa kwamba baba yake alijiua kwa pombe.

Nilimwendea baba mkwe wangu, nikamwambia nataka kushuka Moshi. Siku zile mjane hakutoka upesi namna hiyo, na nilijua namwomba jambo zito. Alichukua koti lake, akasema twende wote.

Tulipofika gereji nilimwamkia Fundi Shabani shikamoo. Baba mkwe hakuniongelea. Alisubiri niseme mwenyewe. Nikajikaza, nikamwambia fundi kwamba mume wangu alikuja kwake kwa ajili ya mlio, kwamba ule mlio upo na mimi nimeusikia kwa masikio yangu, ila unapatikana kwetu tu, kukiwa na baridi. Nikamwomba apande, alale kwetu, ausikie. Nilidhani atanifukuza. Alifuta mikono yake kwa kitambaa, akaendelea kuifuta ingawa ilishatakata.

"Binti yangu," akasema, "nilitakiwa nipande alipokuwa hai."

Alipanda nasi siku hiyo hiyo. Lori lilikuwa limevutwa mpaka uani kwa tajiri, kabini imebonyea upande mmoja, lakini injini ilikuwa nzima. Fundi alikataza mtu yeyote asiliguse mpaka kuche. Kulipokucha tulisimama pale, tajiri, baba mkwe na mimi, tumejifunika mablanketi. Fundi akaliwasha, akazungusha usukani. Likalia vile vile.

Hakukimbilia spana. Aliinamisha kichwa, akasikiliza. Aliukagua mkanda unaozungusha pampu ya usukani, akaukuta umekaza vizuri. Akafungua kitenki cha oili ya stelingi, akatuita tutazame. Oili ilikuwa imejaa povu, kama maziwa kwenye ndoo ya kukamulia. Alisema povu lile ni hewa, na pampu ikivuta hewa badala ya oili hulia namna ile, na inaweza kumwacha dereva na usukani mzito katikati ya kona. Akaupapasa mpira unaotoka kwenye kitenki kwenda kwenye pampu, mpaka pale unapobanwa na klipu. Mpira ulikuwa umezeeka, una ufa. Kukiwa na baridi unakakamaa na kusinyaa, unapitisha hewa. Ukipata joto unalainika, ufa unajifunga, na mlio unapotea. Na ufa haukuwa wa ajali. Vumbi na oili vilikuwa vimeganda juu yake kama ukoko wa siku nyingi.

Tajiri aliinama, akatazama. Fundi ndiye aliyesema.

"Kijana huyu hakuwa mlevi. Alikuja kwangu na ukweli, nikamcheka."

Baba mkwe alikaa chini pale pale, kwenye majani yenye umande, akalia. Sikuwahi kumwona akilia, hata kaburini kwa mwanawe. Jumapili yake tajiri alisimama kanisani, akaomba radhi kwa yale aliyoyasema. Jina la mume wangu likasafishwa. Nilikuwa nimeamini kwamba siku nikiyasikia maneno hayo moyo wangu utatua. Haukutua, mwanangu. Kesho yake niliamka kukamua, uani kimya, nikajua kwamba nimerudishiwa jina lake tu.

Sasa nikuambie ninalotaka ulishike, wewe unayeanza kazi na kukutana na watu. Mtu akikuletea tatizo usiloliona, usimwambie halipo. Muulize linatokea wapi na katika hali gani, kisha uende huko, hata kama ni kupanda mlima na kulala ugenini. Ukiambiwa gari linalia kwenye baridi, lisikilize likiwa la baridi. Usimcheke mwenye shida mbele ya wenzake, maana huenda ndiyo mara ya mwisho kukuambia. Na kama mwenye shida ni wewe, wakakucheka, sema tena. Ukichoka, mlete mwingine anayeijua aseme nawe. Nyumbani kwetu tulikuwa wawili tuliousikia mlio ule, na hakuna aliyewahi kuniuliza mimi.

Nenda salama, mwanangu. Mungu aibariki mikono yako, akupe subira ya kusikiliza, na kila unayemuaga asubuhi umpokee jioni akiwa mzima.