Ngamia wa Mawe wa Thesaloniki

Watu wakisikia nimewahi kukaa Thesaloniki hunionea kijicho. "Wewe mzee umeiona Ulaya!" Nimeiona, ndiyo. Mji ule wa Wagiriki nimeutembea mtaa kwa mtaa, na laiti ningejua, nisingeshuka melini hata siku moja.

Nilikuwa mtu wa mitambo kwenye meli ya mizigo. Niliondoka Garissa kabla ya uhuru, nikapata kazi Mombasa, na vita vya mashifta, vya Wasomali wa kwetu na serikali, vilipopamba moto mimi nilikuwa ng'ambo. Injini yetu ikafa, tukavutwa mpaka bandari ile, na hapo tukakaa miezi tukingoja vipuri. Wakala wa meli akatuita. Anayetaka kwenda kwao atatafutiwa nafasi kwenye meli nyingine. Anayebaki atie sahihi ya mwaka mzima.

Hilo sikuweza kuliamua peke yangu. Hooyo, yaani mama yangu, alikuwa Garissa, na kwetu mama akikuita usiende, umekosa radhi. Ukikosa radhi, hata upewe meli iwe yako, umekwisha. Kwa hiyo nikaandika: Hooyo, nirudi au nibaki? Utakalosema ndilo nitakalofanya.

Sasa, barua zetu zilikuwa na safari yake. Kisomali siku hizo hatukuwa na namna moja ya kukiandika. Mama hakujua kusoma, na Kiswahili chake kilikuwa cha kuuzia maziwa sokoni tu. Mimi niliandika Kiswahili cha shule. Kaka yangu mkubwa, karani katika ofisi ya serikali, alimsomea kwa Kisomali. Mama akijibu kwa Kisomali, kaka aliandika kwa Kiswahili. Nyumba nyingi za kwetu ziliishi hivyo. Na nani angempa mtu baki barua ya mwanawe, nyakati zile za kushukiana? Kaka ni tumbo moja na mimi. Sikuwaza lolote.

Jibu likaja: "Hooyo anasema baki, mwanangu. Mimi mzima, mbuzi wamenona. Tembea uone dunia, kisha unieleze kila unachokiona huko."

Wallahi, nilicheka peke yangu kama chizi. Siku hiyohiyo nikatia sahihi.

Basi nikaanza kutembea kwa ajili yake. Jumapili wenzangu wakienda zao kulewa, mimi na penseli yangu nashika njia ya ufukweni. Nikamwandikia habari za Mnara Mweupe, ambao weupe wake ni wa jina tu, maana mawe yenyewe yana rangi ya vumbi la kwetu. Mzee mmoja aliyeuza mikate ya duara yenye ufuta aliunganisha vifundo vyake vya mikono kunionyesha kwamba zamani palikuwa gereza. Nikapanda mtaa wa juu, kwenye kuta za kale, mpaka magoti yakaniuma. Nikamwandikia juu ya lile jengo la mviringo ambalo lilikuwa kanisa, likawa msikiti, na mnara wa adhana bado umesimama pembeni yake. Nilikaa chini ya mnara huo adhuhuri nzima. Nilijua hataadhini mtu, lakini nilikaa.

Na tao! Tao kubwa la mfalme wa kale, katikati ya barabara, limechongwa vita tangu chini hadi juu. Nikazunguka nikikodoa macho, mara, ebo, ngamia! Ngamia wa mawe, huko Ugiriki! Nikamwandikia mama ukurasa mzima: kwamba fundi hakuwahi kukama ngamia maishani mwake, kwamba miguu ameikosea. Nilimwona kabisa akicheka, ameziba mdomo kwa shungi.

Kaka alijibu: "Hooyo amecheka sana. Anataka zaidi."

Nilirudi vita vikielekea ukingoni. Kaka alinipokea nje ya mji, akanishika bega, akanipa habari hapohapo barabarani. Mama alikuwa amefariki miezi mitano iliyopita. Kaka hakuwa ameniandikia habari hiyo.

Nikaenda kwa habaryar, mdogo wake mama, aliyekaa naye mpaka mwisho. Salamu yangu aliipokea, mkono hakunipa.

"Umeshiba mawe?" akaniuliza.

Sikumwelewa. Akanieleza, bila kupandisha sauti. Mifugo ya mama ilichukuliwa mwanzoni kabisa mwa vita. Watu wakakusanywa kwenye kijiji cha serikali, seng'enge pande zote, kutoka ni kwa ruhusa. Mama akaanza kukohoa. Barua yangu ya kuuliza ilipofika alimwambia kaka, habaryar akisikia: mwandikie aje, aje upesi, sina mtu. Kisha akangoja.

"Barua ikaja," habaryar akasema. "Mnara. Mama yako akasema labda hajaipata yetu, mwandikie tena. Ikaja nyingine, kuta. Tena, ngamia wa mawe. Siku hiyo aliuliza, 'Kuhusu kuja amesema nini?' Kaka yako akasema, 'Hajasema.' Dada yangu akajifunika uso. Akasema asisomewe tena."

Nilikimbia mpaka kwa kaka na sikumbuki nilipita njia gani. Nilitaka akane. Hakukana! Alikuwa anakunywa chai.

"Ungekuja wangekukamata," akasema. "Mtu wetu anayetoka ng'ambo wakati ule angeitwa nani? Nimekuokoa, walaal, ndugu yangu."

"Na mama?"

Nilipomshika kola ndipo ukweli ukatoka. Kwenye fomu ya kazi aliandika hana ndugu nje ya nchi. Ningerudi, kazi yake ingekwenda, pengine na yeye mwenyewe. Kwa kiti cha ofisi alichukua kauli ya mama yetu akaigeuza, na barua zangu, nilizoziandika kwa mapenzi, akazifanya matusi.

Nikamwambia sitaki kitu kwake ila kimoja: twende kwa habaryar, amweleze. Akakataa. Alikuwa mtu wa heshima mjini.

Nikarudi peke yangu na ile barua ya kwanza mkononi. Nikamsomea habaryar, naigeuza Kisomali neno kwa neno: baki, mwanangu, tembea uone dunia. Nikamwapia kwa Mwenyezi Mungu kwamba ndivyo ilivyoandikwa. Alisikiliza hadi mwisho, mikono mapajani.

"Dada yangu hakusema maneno hayo," akasema. "Na anayenisomea ni wewe. Kwanza yule, sasa wewe. Tungeni tu, nyinyi mliosoma."