Mtu wa Kwenye Ndege

Siku niliyoirusha ndege yangu ya kwanza naikumbuka vizuri, mwanangu, lakini usiniombe nikueleze maana yake, kwa sababu mpaka leo sijaielewa. Umeniletea ndege yako ya kuchezea niikague kabla hujairusha. Nimeipima, haielemei mbele wala nyuma. Rangi umepaka vizuri, na hata matundu ya bunduki kwenye mabawa umeyachora kama ya ndege halisi ya vita. Kazi safi. Ila nimechungulia kwenye kioo cha rubani nikaona patupu, ndiyo maana nimekuambia uketi kwanza. Chai ipo.

Nilikuwa kijana kama wewe, hapa hapa kijijini kwetu Kilema. Mwalimu mmoja wa ufundi, Mzungu, alipokuwa anarudi kwao aliniachia rimoti na injini ndogo yenye kelele kama nyuki waliochokozwa. Wakati huo hakukuwa na simu ya kuagizia vitu. Nilichonga mbao nyepesi, nikazivika kitambaa, nikapaka vanishi, huku nafuata picha ya ndege ya vita ya Wajapani niliyoikuta kwenye gazeti kuukuu. Niliichagua kwa ajili ya lile duara jekundu kwenye bawa, basi. Lilinipendeza.

Nikairusha kwenye uwanja wa shule, na nusu ya kijiji walikuja kutazama. Ikapita chini chini juu ya njia ya kwetu, wakati babu yangu anapanda na mzigo wa majani ya ng'ombe. Babu akautupa mzigo, akajirusha chini ya miti ya kahawa, uso chini. Watu wakacheka. Na mimi nikacheka, maana Babu alikuwa mtu wa utani hasa, nikajua anatuchezea. Akainuka, akaja mpaka pale ndege ilipotua, akalitazama lile duara, akaenda zake. Mzigo aliuacha njiani. Mchagga aache majani ya ng'ombe njiani! Hapo ndipo nilipoanza kuogopa.

Toka siku hiyo akawa hasemi na mimi. Nikimwamkia shikamoo, anaitikia marahaba huku anatazama migomba. Mama akaniambia Babu alikuwa askari wa Keya, jeshi la Waingereza, alipigana na Wajapani huko Bama, Asia, katika vita vile vikuu, na habari za huko hazisemi. Baba mdogo akasema niichome ndege. Katekista akasema niache tu, mzee atasahau. Kila mtu na lake, na mimi katikati kichwa kinaniuma. Krismasi ilikuwa imekaribia, ndugu wote wanarudi nyumbani, na Babu ndiye aliyekuwa anachinja na kumkatia kila mtu fungu lake la nyama. Kwetu ukirukwa hapo, mbele ya watu, umeshatengwa. Niliona aibu kabla hata haijanifika.

Nikachuma jani la sale mpakani mwa kihamba chetu, shamba la ukoo, nikalifunga fundo, nikampelekea kwa mikono miwili. Jani hilo ukilileta umeomba msamaha, na mzee halikatai. Akalipokea. Nikashusha pumzi.

"Kesho uirushe tena," akasema.

Nilichanganyikiwa kabisa. Nilikuwa nimeshaanza kulibandua bawa nikidhani ndilo analotaka, ikabidi niliunge upya.

Kesho yake Babu akasimama katikati ya uwanja, kofia mkononi, akaniambia niipitishe pale alipo, tena chini. Ningekosea kidogo ningemuua mzee wetu. Ndege ikamjia usoni. Safari hii hakulala. Akainua mkono akaipungia, kama unavyompungia mtu anayesafiri.

Ilipotua akainama kwenye kioo.

"Mtu wako yuko wapi?"

"Babu, hii ni ya kuchezea tu. Haina mtu."

"Ile iliyonipitia mimi vitani ilikuwa na mtu. Kijana tu, rika lako. Wenzangu waliokuwa mbele aliwapiga risasi. Mimi akanipita, tena chini sana, nikamwona meno. Sijui alikuwa anacheka, sijui alikuwa analia." Akaligusa lile duara kwa kidole. "Kwa nini aliniacha? Wewe unayejua ndege, niambie."

Nilichokuwa nakijua mimi ni injini na gundi. Babu akavaa kofia yake akarudi nyumbani.

Krismasi ikafika. Fungu langu nikapewa, tena nono, nikataka kulia kwa furaha. Kisha Babu akakata kipande kingine kidogo, akakiweka kwenye jani la mgomba, akanikabidhi mbele ya ndugu wote.

"Hiki cha yule wa kwenye ndege," akasema, akaendelea kukata.

Nikabaki nimesimama na nyama mikono yote miwili. Alikuwa amemsamehe yule kijana, au alikuwa anamlisha ili asirudi? Au ni mimi niliyekuwa nakemewa? Sikuila, wala sikuthubutu kuitupa. Nikaiweka chini ya mgomba nyuma ya nyumba, na asubuhi haikuwepo. Mbwa, bila shaka. Babu alikufa bila kunieleza, na mimi sikupata ujasiri wa kumwuliza.

Basi ninachokuambia ni hiki, japo nusu yake siijui mwenyewe. Ukiijenga ndege ya vita mpaka ukayachora matundu ya bunduki, usiishie hapo. Weka na mtu, umpe uso. Kabla hujaipitisha juu ya vichwa vya watu, waulize wazee wa pale waliona nini katika maisha yao. Wengine hawatakujibu, uliza hivyo hivyo. Na ukiona mzee amelala chini, usicheke. Kimbia ukamwinue.

Kipande hiki cha kumchonga huyo mtu ni cha mti wa kahawa, kigumu lakini kinachongeka. Na kisu hiki hapa, ndicho nilichomchongea rubani wa kwangu baada ya Krismasi ile. Mungu akupe mikono iliyotulia, mwanangu, na upepo wa kiasi. Ndege yako itue salama, na huyo utakayemweka ndani, akimwona mtu chini, ampite bila kumpiga.