Meli Iliyosimama kwa Ajili ya Tumbo Langu

Meli ya ghorofa kumi na mbili, yenye watu wengi kuliko mtaa wetu mzima, ilisimama mbele ya mji wetu wa Palma, kaskazini mwa Msumbiji, saa nane mchana kwa sababu yangu, nikateremshwa kwenye boti ndogo nimevaa joho jeupe la bafuni, viatu mkononi, na nyuma yangu bibi yangu amekumbatia boksi la keki. Naona aibu hata kuandika. Lakini walioona ni wengi, na kila aliyeona amesimulia kwa namna yake (wapo wanaosema nilifukuzwa kwa kuiba hiyo keki), kwa hiyo bora nieleze mwenyewe, maana habari ndiyo kazi yangu.

Ninasoma taarifa kwenye redio ya jamii, kwa Kiswahili na Kimwani, na wenzangu wananijua kwa jambo moja: sisomi namba ambayo sijaihakikisha. Ukiniletea habari ya magunia arobaini ya korosho, nitakuuliza nani aliyahesabu. Likumbukeni hilo, mtacheka vizuri mbele.

Mimba yangu ya kwanza niliitangaza hewani, na mwezi wake nikautaja, kwa furaha tu, na haikupita wiki mbili ikaharibika. Daktari alisema mambo hayo hutokea. Bibi Muanasha, mama yake mama yangu, aliulaumu ule mwezi nilioutaja hewani. Lakini hii ya pili alipoigundua (aliigundua kabla yangu, kwa kunitazama shingo), aliniita nyumbani kwake Quitunda, kile kijiji kipya cha nyumba zote za namna moja, akanikalisha mkekani, akasema, "Mke mwenzangu, safari hii hesabu nashika mimi."

Alichukua uzi mweusi akafunga mafundo, na tangu siku hiyo kila mwezi ukiandama anaongeza moja, uzi wenyewe unakaa kwenye pindo la leso yake na hakuna anayeugusa. Mimi siku zangu hazikuwa na mpangilio tangu ile ya kwanza, kwa hiyo nilikuwa nakwenda kwa anayoniambia yeye. Sharti lake lilikuwa moja tu: yeyote akiuliza mimba ina muda gani, mpunguzie mwezi, ili jicho baya likija kwa tarehe yake likute mtoto ameshazaliwa. Hata maternidadi, kliniki ya wajawazito, nilipunguza. Muuguzi akapima tumbo kwa utepe, akapima tena, akamtazama Bibi.

"Kwetu watoto wanakuwa warefu," Bibi akamwambia, na ikaandikwa hivyohivyo kwenye ficha, kadi yangu ya kliniki.

Sasa, shemeji yangu Abudo, mdogo wake mume wangu, ni mpishi kwenye meli ya watalii, na mara moja kwa mwaka anaruhusiwa kuleta ndugu wawili ikiwa kuna chumba kitupu. Meli ingetoka Pemba, hii yetu ya Msumbiji, si ile ya visiwani, kwenda Unguja, na mume wangu, aliyekuwa Mtwara kwa biashara, angekuja Unguja kunipokea. Nafasi moja nikachukua mimi, ya pili Bibi akaichukua kabla sijampa. Kazini niliaga kwamba nakwenda Pemba kumuuguza shangazi, nao wakawatangazia wasikilizaji. (Shangazi yangu hana hata mafua.)

Bandarini wakatupa fomu. Mjamzito asizidi wiki ishirini na nne. Ficha yangu ilisema ishirini na mbili. Kichwani mwangu, kwa hesabu niliyopewa na Bibi, nilijua ni ishirini na sita. Nilishika kalamu nikaitazama ile meli, nikaandika ishirini na mbili. Kila kilichofuata kilitokana na mstari huo mmoja.

Lakini ile meli, jamani. Nimezaliwa pwani na sijawahi kuona kitu kikubwa namna ile kikielea. Ndani kuna ngazi zinazopanda zenyewe, bwawa la kuogelea juu ya bahari (nilisimama pale nikiwaza nani aliona haja ya kubeba maji juu ya maji), na miti ya kweli kwenye vyungu, inamwagiliwa. Bibi aliinua uso akatazama madirisha yaliyopangana safu kwa safu, yote sawasawa, akasema, "Hii ni Quitunda, wameisimamisha wima."

Meli iliondoka alfajiri. Saa nne tulikuwa sitaha ya juu, naitazama pwani yetu kutoka upande ambao sikuwahi kuwa, misitu ya mikoko imekuwa mstari mwembamba wa kijani na vijiji vimepotea kabisa, nikawaza kwamba maisha yangu yote yako ndani ya mstari ule na kutoka hapa hayaonekani. Ndipo muziki ukakatika, Abudo akatokea na kofia yake ndefu, anasukuma keki kwenye meza ya magurudumu, na kipaza sauti kikatangaza, kwa Kiingereza kisha kwa Kireno, kwamba leo tunampongeza mama mtarajiwa wa wiki ishirini na mbili. Watu wapata mia tatu wakapiga makofi. Bibi alijifunika uso kwa leso.

"Abudo," nilimwambia kwa sauti ya chini, "nani amekwambia wiki?"

"Si uliandika kwenye fomu, shemeji?"

Nikasimamishwa nikate keki. Mama mmoja mtu mzima, Dona Lurdes wa Beira, abiria kama sisi, akaweka sahani yake chini na kuja akaweka kiganja juu ya tumbo langu bila kuomba ruhusa.

"Nimekuwa mkunga miaka mingi, binti yangu," alisema kwa Kireno, mbele ya wote. "Hizi si ishirini na mbili. Na linakaza. Tangu lini linakaza hivi?"

Tangu asubuhi. Nilidhani ni chakula.

Makofi yalikufa moja moja. Nilipelekwa kwa daktari wa meli, Bibi na Dona Lurdes nyuma yangu, nikavuliwa gauni lililomwagikiwa krimu nikavishwa lile joho, na hofu ikaniingia, ile ya mara ya kwanza, naijua harufu yake. Daktari akanipaka kitu cha baridi tumboni na kuwasha kioo. Sikuwahi kupimwa kwa picha. Bibi aligeukia ukutani, akasema hata mashine isiambiwe.

Kisha nikamwona. Uti wa mgongo kama shanga zilizotungwa kwa mkono mtulivu. Mkono mmoja umekunja ngumi usoni, kama mtu anayefikiri. Na moyo, ule moyo, unakwenda mbio, chumba kizima kimejaa mlio wake. Katika meli nzima yenye taa na miti na bwawa, sikuona kitu kikubwa kama kile. Bibi aligeuka. Akasogea, akagusa kioo kwa kidole, akasema taratibu, "Mashallah. Kumbe anakaa hivi."

Dona Lurdes akatafsiri: "Daktari anasema ni wiki thelathini na mbili, au karibu na hapo."

Nilimtazama Bibi.

"Nilikwambia upunguze mwezi," akasema.

"Nilipunguza."

"Na mimi nilikuwa nimeshapunguza kabla ya kukwambia. Ulidhani jicho lako wewe si jicho?"

Mbele yetu kulikuwa na usiku mzima wa bahari, na daktari alisema mtoto akija huko hana cha kumsaidia. Nahodha akauliza hospitali ya karibu iko wapi. Nikanyoosha kidole dirishani, kwenye ule mstari wa kijani, upande wa Palma.

Ufukweni walikuwapo wanawake wanaouza samaki, wote wasikilizaji wangu. Mmoja alinitazama, akaitazama meli, akatazama keki.

"Shangazi yako ana ghorofa ngapi?" akauliza.

Hospitali walinilaza siku tatu, tumbo likatulia, alhamdulillahi. Sitaandika tena namba kwenye karatasi ya mtu kwa sababu tu karatasi nyingine inasema hivyo, na shangazi nimemwomba radhi.

Kwa hesabu ya ile mashine, nilitakiwa kujifungua Ijumaa iliyopita. Kwa hesabu ya ficha, bado zaidi ya miezi miwili. Mtoto anacheza vizuri na hajatoka. Juzi mwezi umeandama, na leo asubuhi Bibi ameketi hapa mlangoni, ametoa uzi wake, amefunga fundo jingine. Nimemuuliza ni la ngapi.

"Maliza kuandika, mke mwenzangu," amesema, na kuurudisha kwenye pindo la leso.