Pete Kumi na Moja

Duka lile la mtaa wa Najma, hapa Doha, liliuza masanduku ya safari, saa za ukutani na vitu ambavyo mwenyewe alishasahau bei yake. Hivyo vya mwisho ndivyo nilivyovipenda. Mwenye duka alikuwa Mhindi mzaliwa wa Nakuru, umri wa kustaafu umempita, na Kiswahili chake kilikishinda changu. Nilikuwa mlinzi wa jengo la ghorofa kule Fereej Bin Mahmoud, na kila Ijumaa nikitoka zamu nilipita kwake kubishana bei. Mara nyingi sikununua kitu. Tulikuwa tunanoa makali tu.

Ijumaa moja nilimkuta akifunga maboksi. Alikuwa anarudi Nakuru, kwenye harusi ya mjukuu wa kaka yake, na Doha ndiyo basi. Juu ya kaunta palikuwa na furushi la vyuma vyembamba lililofungwa kwa kamba, na chini yake daftari lenye jalada la ngozi.

"Hili furushi bei gani, mzee?"

"Sitini, soja."

"Riyali sitini? Kwani umenunua kwa sonara?"

"Thelathini, basi. Na liondoe machoni pangu."

Nikarudisha mkono mfukoni. Miaka yote ile hakuwahi kushuka nusu kwa pumzi moja. Mtu akishusha bei namna hiyo, ama kitu ni kibovu ama kina maneno.

Kibovu hakikuwa, maana nilikijua. Kabla ya kuja huku nilikuwa kibarua wa mpima ardhi mmoja bahili, ambaye kila kanda ya kupimia ilipokatika alitoa stoo mnyororo kama huu, kwa vile aliurithi bure. Ni vijiti mia vya chuma, na kati ya kijiti na kijiti pete ndogo tatu. Ukiunyoosha, ni futi mia kamili.

"Basi huu mnyororo una maneno gani?" nikamuuliza.

Akaagiza chai mbili za maziwa, karaki, kutoka mkahawa wa jirani, nikajua ni marefu. Baba wa babu yake aliletwa kutoka India kujenga reli ya Mombasa hadi ziwani. Hakubeba mataruma ya reli kama wenzake. Alikuwa mshika mnyororo wa mhandisi mmoja Mwingereza, akitangulia mbele ya reli, porini, kupima itakapopita. Kazi ilipokwisha alirudi kwa ndugu zake na mnyororo huo na daftari la bosi wake. Ndugu wakahesabu pete, wakakuta pungufu. Siku zile chuma kilikuwa mali, na maneno yakaanza: aliziuza pete njiani, akabadilisha kwa kuku.

"Mpaka leo, harusi haipiti bila mtu kuniuliza kama nimekula kuku," alisema. "Kaka yangu kanipigia simu. Kasema nije na zawadi, huo mnyororo usivuke mlango wake."

"Na wewe unaamini?"

"Ndiyo maana nauza thelathini."

Nilikaa sakafuni nikaanza kuhesabu. Nafasi kati ya vijiti ni tisini na tisa, kwa hiyo kungepaswa kuwa na pete mia mbili tisini na saba. Nikapata mia mbili themanini na sita. Nikahesabu tena kuanzia mwisho wa pili, nikapata zilezile.

"Kumi na moja hazipo," nikasema.

"Kuku kumi na mmoja," akajibu, akanywa chai yake.

Nikachukua daftari, kwa udadisi tu. Mhandisi alikuwa na mwandiko wa kubana karatasi kama anailipia kodi. Ukurasa wa kwanza alijiandikia kazi zake zote, mstari mmoja mmoja: karakana ya treni kwao, ujana; India, madaraja, homa; India tena, daraja lilelile, mafuriko; kisha Mombasa. Mstari wa mwisho ulikuwa na neno moja, ziwa, limepigiwa mstari chini. Maisha mazima ya kazi, nusu ukurasa. Nilijikuta nikimpenda kidogo, mtu wa kuhesabu mwenzangu. Ila kuna kitu kilinikera. Nyumbu wake wa mizigo alikuwa na jina, na jina hilo lilijaa kurasa: leo kala, leo kagoma. Yule aliyevuta mnyororo maili zote zile aliandikwa "mshika mnyororo", hivyo tu, hadi mwisho.

Kurasa za nyuma hazikuwa na maneno, ila safu mbili za tarakimu. Mstari wa kwanza ulikuwa inchi mbili, kando yake 3. Kisha inchi moja na nusu, kando yake 2. Kisha 4. Kisha 2. Nikazitazama mpaka karaki ikapoa.

Ndipo nikamkumbuka yule bahili wangu. Mnyororo ukivutwa kwenye mawe siku nyingi, pete zinalika na kupanuka, nao unarefuka. Ukiendelea kupimia hivyo, kila urefu unaouandika ni wa uongo. Kwa hiyo unaulinganisha na kipimo cha kweli, unaona umezidi inchi ngapi, kisha unang'oa pete moja hapa, nyingine pale, mpaka urudi futi mia. Kazi hiyo nilifanya mimi kwa koleo, na pete nilizitupa.

"Mzee, jumlisha hizi."

Alijumlisha kwa kidole hewani. Tatu, mbili, nne, mbili. Akasimama.

"Rudia," alisema.

Nikarudia. Kumi na moja.

Akauvuta mnyororo kwake upande wa pili wa kaunta.

"Ishirini na tano," nikajaribu, kwa mazoea.

"Hauuzwi."

Nilikuwa nimejiharibia biashara kwa mikono yangu. Alifungua sanduku lake, akatoa blanketi mbili nzito, akaweka mnyororo na daftari mahali pake. Kisha akanipa karatasi na kalamu. "Andika, soja. Wewe ndiye uliyehesabu, na wewe si wa ukoo."

Nikaandika kama ninavyoandika kwenye kitabu cha zamu: pete zilizopo, 286, zilizotolewa kurekebisha urefu, kwa mujibu wa daftari, 11, jumla, 297, imehesabiwa mara mbili. Nikatia sahihi. Alitaka niongeze kwamba mhandisi alimpa baba wa babu yake mnyororo kwa hiari.

"Hilo sikulihesabu," nikamwambia.

Akaitazama karatasi, akaikunja mara nne, akaitia kwenye mfuko wa shati. Blanketi mbili akaniachia mimi, bila bei.