Chumvi Inayoogopa Moto

Siku yangu ya kwanza kazini sikugusa kemikali yoyote. Bwana Mkemia, Mzungu wa maabara ya Mbeya, alinipa bika, yale magilasi mapana ya kuchanganyia dawa, akaniambia nioshe, na nikimaliza nioshe tena. Mimi kijana wa Kihehe, nimetoka Iringa na cheti changu cha shule ya misheni mfukoni, nikaona nimedhalilishwa. Nilipomwonyesha kazi yangu, aliinua bika moja kwenye mwanga wa dirisha.

“Hapana safi,” alisema kwa Kiswahili chake cha kukatakata. “Chumvi kidogo hapa, majibu yote uongo.”

Niliosha wiki nzima. Ilikuwa miaka ya hamsini, na mtu mweusi kushika mizani ya kemia lilikuwa jambo la kusimuliwa nyumbani, kwa hiyo nilimeza hasira.

Kazi yetu kubwa ilikuwa kupima monazaiti. Ninyi vijana mkisikia redioni habari za madini adimu mnadhani yamegunduliwa jana! Monazaiti ni punje ndogo za rangi ya asali, nzito kuliko mchanga wa kawaida. Ndani yake fosfeti imeshikana na seriamu, lanthanamu na jamaa zao, na mara nyingi thoriamu kidogo. Imeshikana kwelikweli, maana ukiimwagia asidi dhaifu haishtuki. Tuliisaga ikawa unga, tukaipika ndani ya asidi kali ya salfuriki kwa saa kadhaa mpaka ikawa uji mzito. Hapo fosfeti huachia, na zile metali hugeuka kuwa chumvi za salfeti.

Uji ukipoa, unaumimina taratibu kwenye maji. Chumvi inayeyuka, mchanga usio na maana unabaki kwenye karatasi ya chujio. Yale maji yaliyochujwa unayatia asidi ya oksaliki, na yakigeuka meupe kama maziwa, basi mali ipo. Weupe ule ukiuchoma tanuruni unapata unga wa rangi ya mdalasini, na huo ndio unaopanda kwenye mizani.

Mchanga tuliletewa na Anyosisye, Mnyakyusa wa kutoka Rungwe, msimamizi wa kambi ya watafutaji wa madini kwenye mto mmoja upande wa Chimala. Hakuwa amesoma, lakini alikuwa na jicho. Alizungusha karai majini, mchanga mwepesi ukaondoka, akatazama kilichobaki na kukwambia kina nini. Alikuwa rafiki yangu. Akija Mbeya alilala kwangu Iyunga, na alinisalimia kwa Kihehe, “Kamwene!” kwa lafudhi mbovu ya makusudi ili nicheke.

Juni moja alileta mfuko mdogo wa turubai, akauweka mezani kwa mikono miwili.

“Mhehe, huu nimeutafuta miezi,” alisema. “Wakubwa wanasema kambi ifungwe, hatupati kitu. Nimewaambia wangoje kipimo chako. Pima vizuri, ndugu yangu, watu wangu wote wako humo.”

Nilimwambia aondoe shaka. Wakati huo nilikuwa nimeshaaminiwa kupima peke yangu, mwanzo hadi mwisho.

Sasa nisikilizeni. Bwana Mkemia alikuwa ameniagiza zaidi ya mara moja: “Maji baridi. Baridi kabisa.” Mimi nilidhani ni ubahili wa mafuta ya taa. Mzungu yule aliweza kuzima jiko ili kuokoa kibaba kimoja! Na Juni ya Mbeya mnaijua, ukungu umeshuka kutoka mlima Loleza, vidole havikunjiki. Nikajiambia, mama yangu hakorogi sukari kwenye maji ya baridi, kwa nini nami niitese chumvi ya rafiki yangu? Nikayachemsha maji. Nilifanya hivyo kwa upendo, nataka mjue hilo.

Nilichuja. Kwenye karatasi yalibaki mashapo mengi, nikasema ni mchanga tu, nikayatupa. Nilipotia asidi ya oksaliki, maji yalitia utando hafifu, basi. Nikaandika: kiasi kidogo sana. Bwana Mkemia akatia saini, na kambi ikafungwa.

Anyosisye alikuja kuniaga. Sikumwona akilalamika. “Kumbe jicho limezeeka kabla yangu,” alisema, akacheka kidogo. Akaenda kuandikishwa kazi ya migodi ya kusini, ng’ambo ya mpaka, kama walivyokwenda wengi wa kwao.

Mwaka uliofuata nilihamishiwa Iringa. Nilifurahi kurudi nyumbani. Msaidizi Mkuu wa maabara ile ndogo alikuwa Mzee Kalinga, mtu mkali kama pilipili kichaa. Wiki ya kwanza alinikuta nikibandika maji jikoni.

“Hayo ni maji ya kumkanda mzazi?” aliuliza.

“Nataka salfeti iyeyuke vizuri, mzee.”

“Iyeyuke? We kijana, hii si sukari! Chumvi hizi zinaogopa moto. Maji yakiwa ya baridi zinayeyuka, ukizipasha zinaganda tena na kukaa kwenye chujio pamoja na takataka. Nani alikufundisha kuchemsha?”

Hakuna aliyenifundisha. Niliketi kwenye kasha la chupa. Niliona yale mashapo meupe niliyoyatupa kwa mkono wangu.

Nilimwandikia Bwana Mkemia nikakiri yote, nikijua naweza kufukuzwa. Nusu ya kila mchanga huhifadhiwa, kwa hiyo aliupima upya. Jibu lake lilikuwa fupi: mchanga ulikuwa na monazaiti nyingi, kumbukumbu zimesahihishwa, lakini watafutaji wameshapelekwa kwingine na kambi haitafunguliwa. Mwishoni aliandika kwamba mtu anayekiri kosa la kipimo anafaa kubaki kwenye mizani.

Nilipopata likizo nilipanda basi hadi Rungwe kumtafuta Anyosisye. Nilimkuta mama yake. Mwanawe hajarudi, wala barua hakuna. Alinipa maziwa ya mgando, nami nikamweleza kila kitu, mpaka habari za maji.

“Ndaga, asante, mwanangu, kwa kuja,” alisema. “Hapa watu walimwambia, yule Mhehe amekosea, wewe jicho lako halidanganyi. Akawakatalia. Alisema, ‘Yule ni ndugu yangu, kama amepima yeye, basi mimi ndiye niliyekosea.’ Akirudi utamwambia mwenyewe.”

Hakurudi. Niliuliza kwa kila aliyetoka kusini, mwaka baada ya mwaka, mpaka wale wa kuulizwa wakaisha.

Nimestaafu sasa. Siku ya kuniaga walisimama mmoja mmoja wakasema katika utumishi wangu wote hakuna aliyewahi kutilia shaka kipimo changu. Watu walipiga makofi, nami niliinamisha kichwa, wakadhani ni unyenyekevu. Ningewarudishia sifa zote zile, na cheti chao cha fremu, kama Anyosisye angeingia pale ukumbini akaniambia mbele ya watu: wewe Mhehe, ulikosea.