Fundi wa Kwa Sasa

Baba Tyubu hakai. Wateja wake wa miaka mingi hawakumbuki kumwona amekaa kitako hata mara moja, na kile kigoda mbele ya kibanda chake ni cha wageni. Yeye husimama, hukata, huzunguka, huenda ng'ambo ya barabara kukagua mzigo wa mtu asiyemjua uliofungwa vibaya, humpa mwenye mzigo somo ambalo hakuliomba, kisha hurudi kukata tena. Ni kiguu na njia, ila njia yenyewe haivuki kituo cha mafuta.

Kazi yake ni mipira ya kufungia. Hununua tyubu kuukuu za malori, akazikata kwa kisu anachokinoa kutwa. Akikata kwa kuzunguka, anapata pete nene za kubana mdomo wa gunia au kifuniko cha pipa. Akikata kwa urefu, anapata mikanda ya kufungia ngazi juu ya gari au magodoro nyuma ya baiskeli. Wakulima huchukua ile myembamba ya kushikiza miche kwenye vijiti, maana mpira huuachia mche nafasi ya kunenepa, lakini kamba huukaba. Wenye vibanda hufungia maturubai. Upepo ukivuta, mpira huenda nao kidogo kisha hurudi. Kamba hushindana na upepo, na mwisho wa mashindano hayo ni turubai kuchanika.

"Kamba haijui kusamehe," huwaambia, hata wale walioisikia hotuba hiyo jana.

Kila mkanda huuvuta mbele ya mteja na kuukagua juani. Usio na vinyufa huuita hai. Wenye vinyufa ni mfu, nao hauuzi hata ukimlilia. Anautupa kwenye gunia la nyumbani.

Hilo gunia la nyumbani ndilo lililoleta balaa. Mganga hajigangi, na fundi wetu huyu alizidi. Bawaba za mlango wa uani zilikatika mtoto wao wa mwisho alipokuwa hajaanza kutambaa, na mtoto huyo sasa ananyoa ndevu. Siku ile Baba Tyubu aliushikiza mlango kwenye fremu kwa mipira miwili mifu, akapangusa mikono, akasema, "Hii ni kwa sasa."

Mguu wa kitanda ulipolegea, akauzungushia mpira kwa sasa. Dirisha, kwa sasa. Banda la kuku, bomba la maji, mpini wa sufuria, vyote kwa sasa. Mipira ilipokatika aliongeza mingine juu yake. Mkewe alimkumbusha kwamba usipoziba ufa utajenga ukuta. Alijibu kuwa ufa nao ungeweza kufungwa, mradi apate tyubu ya trekta. Alicheka peke yake.

Asubuhi moja mkewe alitokea kibandani, na nyuma yake mvuta mkokoteni akiwa na kitanda, godoro na sanduku.

"Nataka mipira," alisema. "Iliyo hai. Usinipe ya gunia la nyumbani."

"Unakwenda wapi na kitanda?"

"Kwa kaka."

"Kuna nini kwa shemeji?"

"Kuna milango."

Wateja wawili waliokuwa wakibishana juu ya bei waliiacha bei, wakageuka kusikiliza. Baba Tyubu alihama kutoka mguu mmoja hadi mwingine. "Utarudi lini, mama watoto?"

"Nakwenda kwa sasa tu."

Neno hilo hakulisema kwa kejeli, na hapo ndipo Baba Tyubu alipoogopa. Watu wengine wakisikia kwa sasa wanaelewa wiki, au mwezi. Yeye ndiye aliyelipatia neno hilo urefu wa miaka.

Nitasema na jambo ambalo yeye asingependa lisemwe. Mkono wake ulikwenda kwenye gunia la mipira mifu. Aliona picha yote: mkanda unakatika kwenye mlima wa kwanza, godoro linaanguka topeni, mke anarudi. Aliushika mkanda mmoja, akauachia. Alichagua mikanda minne mipana iliyo hai, akaufunga mzigo ule mwenyewe, akavuta kila fundo mara mbili. Mvuta mkokoteni alisema hajawahi kufungiwa mzigo hivyo. Baba Tyubu alitaka kumpiga.

Mkokoteni ulipoondoka, alijaribu kukata, kisu kikaenda upande. Akatoka hadi kituo cha mafuta, akarudi. Akakipanga upya kibanda, akakipangua. Kila gari lilipopiga breki, aligeuka kutazama kama ni mkewe anarudi. Jua likiwa katikati alifunga kibanda, kitu ambacho hakufanya hata siku ya msiba wa baba yake, akaenda duka la vifaa vya ujenzi kwa mwendo wa mtu anayefukuzwa. Alinunua bawaba mbili na skrubu, akaazima bisibisi kwa jirani.

Nyumbani aliikata ile mipira ya mlango wa uani. Tabaka za ndani zilikuwa zimegandana hata hazikubanduka bila kisu. Alinyanyua mlango, akaupigia bawaba, akakaza. Maji ya chai aliyoyateleka yalikuwa bado hayajachemka alipomaliza. Aliyaepua, akaondoka mbio kwa shemeji yake, bila hata kunawa.

"Njoo uone kitu," alimwambia mkewe. "Ukishaona, uamue."

Alikuja. Njiani Baba Tyubu alikuwa akimtangulia, akisimama kumngoja, akimtangulia tena. Walipofika uani alijitenga pembeni ili asimzibe. Mkewe aliufungua mlango kwa kidole kimoja. Akaufunga. Akaufungua tena, akainama kuzitazama bawaba.

"Umechukua muda gani?"

"Hata chai haikuchemka," alijibu, huku kifua kikimpanda kwa majivuno. "Ni skrubu nane tu."

Mkewe alikaa kizingitini, akaanza kulia. Fundi alidhani ni furaha. Alikuwa ameshafungua kinywa kumwahidi dirisha na mguu wa kitanda.

"Nilidhani ni kazi ngumu," mkewe alisema, akijifuta kwa kiganja. "Miaka yote hii, baba watoto, nilikuwa nakutetea kwa kaka. Nilimwambia ingekuwa kazi rahisi, ungeshanifanyia."

Alisimama, akakung'uta nguo yake. Akatoka kwa mlango uleule, akaurudishia nyuma yake taratibu, nao ukashika.